Kikoba Kinavunjwa Wiki Ambayo Bei Zinapanda

Kila Desemba, kuanzia wiki ya pili hivi, vikoba vinavunjwa. Sanduku lenye kufuli tatu linafunguliwa mbele ya wanachama, daftari linasomwa jina kwa jina, hisa zinahesabiwa, faida ya mikopo inagawanywa, na kila mmoja anaondoka na bahasha yake. Pwani na Visiwani wapo wanaopanga hesabu hiyo iangukie kabla ya Ramadhani au Idi. Ni siku ya furaha, na wanaoisubiri wameitolea jasho mwaka mzima.

Sina neno na furaha hiyo. Ninachotaka tukijadili ni kinachotokea kesho yake asubuhi, bahasha zinapofika sokoni. Watu thelathini waliokaa pamoja miezi kumi na miwili, wakaaminiana hadi kukopeshana ada za watoto, wanageuka wanunuzi thelathini wa rejareja. Kila mmoja ana kikapu chake na anabishana peke yake na muuza mchele. Mtaa wa pili nako kikoba kimevunjwa juzi, na wa tatu kitavunjwa Jumamosi. Akiba ya mwaka mzima ya kata nzima inaingia sokoni ndani ya siku kumi, na kila mwenye duka anajua tarehe.

Bei za Desemba zina sababu zake, na sababu hizo hazifanani kwa kila bidhaa. Kuku wa kienyeji anahitaji miezi mitano au sita hadi kufikia kuchinjwa, kwa hiyo kuku wa Krismasi wako hesabuni tangu Julai; wanunuzi wakiongezeka mara mbili, kuku hawaongezeki. Mbuzi ni vivyo hivyo. Mchele, sukari, mafuta ya kupikia na unga wa ngano vina habari nyingine, kwa sababu vinahifadhika. Vinapopanda wiki ya sikukuu, sehemu ya ongezeko hilo ni malipo ya yule aliyeweza kununua mapema na kusubiri. Mfanyabiashara wa jumla aliyejaza ghala Agosti hajamkosea mtu. Amefanya kazi ambayo wanunuzi wake hawakuifanya, naye analipwa ujira wa kazi hiyo.

Tuliliona jambo hili kwa ukali mwanzoni mwa 2024. Mvua nyingi zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na sukari ikaadimika Tanzania wiki chache kabla ya Ramadhani iliyoanza Machi. Serikali ilitangaza bei elekezi. Mama aliyesimama mbele ya rafu tupu hakuweza kuinunua bei elekezi, na aliyekuwa na gunia stoo ndiye aliyepanga masharti.

Kisha kuna kipimo. Tunalalamika sana kuhusu bei na kidogo mno kuhusu kopo lililobonyezwa kitako, mizani ya saa ambayo mshale wake haurudi sifuri, au mafuta ya kupima yanayomiminwa kwa pupa huku povu likihesabiwa kuwa mafuta. Siku ya kawaida mnunuzi ana muda wa kusema, "Kaka, rudisha kwenye mizani." Mkesha wa Idi, nyuma yake kuna watu ishirini na mtoto analia mgongoni. Wakala wa Vipimo hauwezi kusimamisha ofisa kwenye kila genge usiku huo. Aliyepima ndiye shahidi pekee wa kilichopimwa.

Waliolijibu tatizo hili kwa mpango uliodumu walikuwa wafumaji na mafundi wa Rochdale, mji wa viwanda karibu na Manchester, Uingereza. Walifungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane jioni ya Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1844, siku nne kabla ya Krismasi. Kwa desturi waanzilishi wanahesabiwa 28, na mtaji wao ulikuwa pauni 28, uliokusanywa kwa senti za kila wiki kutoka kwenye mishahara midogo mno. Walichoweza kuweka mezani jioni ile ni siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa michache. Huwezi kuandaa karamu kwa vitu hivyo. Lakini unga ulikuwa unga na ratili ilikuwa ratili.

Hilo la unga kuwa unga lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika leo. Katika Uingereza ya wakati ule wauzaji walichanganya unga na shabu au chaki, na majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yalikaushwa, yakapakwa rangi na kuuzwa upya. Mkemia Frederick Accum aliyaanika haya katika kitabu alichochapisha London mwaka 1820. Sheria ya kwanza ya jumla dhidi ya uchakachuaji wa vyakula ilikuja 1860. Miaka arobaini ilipita kati ya kuthibitika kwa wizi na kutungwa kwa sheria, na katikati ya miaka hiyo watu wa Rochdale walipata unga safi kwa njia fupi: muuzaji na mlaji wakawa mtu yuleyule. Hakuna anayejichanganyia chaki kwenye uji wake.

Kanuni waliyoishikilia kwa ugumu zaidi ilikuwa kuuza kwa fedha taslimu tu. Waliijua gharama ya kukosa kanuni hiyo, kwa sababu mwaka 1833 ushirika mwingine ulifungua duka mtaa uleule wa Toad Lane na ndani ya miaka miwili ukafa, umemalizwa na madeni. Wanakijiji wetu hawahitaji kufundishwa hadithi hiyo. Duka la kikundi linapokufa katika nchi zetu, mara nyingi ukifungua droo unakuta daftari lenye majina ya wanachama, viongozi wakiwa kurasa za mwanzo. Desemba ndio mwezi wa hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kila mtu anaheshimika na kila mtu ana wageni. Nani atamnyima shemeji wa mwenyekiti kilo tano za mchele mkesha wa Krismasi? Januari inafika na ada, sare na madaftari, na deni la sherehe linakuwa la mwisho kwenye foleni. Mwenye shida ya kweli akope SACCOS au kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, kisha aje dukani na fedha mkononi. Mikopo ina chombo chake, na duka lina kazi yake.

Sasa nifike kwenye kiini. Watu wa Rochdale hawakushindana na maduka mengine kwa kuuza rahisi. Waliuza kwa bei ya kawaida ya mtaani, wakaandika manunuzi ya kila mwanachama, na ilipofika siku ya hesabu ziada iliyobaki baada ya gharama walimrudishia kila mmoja kwa kadiri alivyonunua. Aliyenunua sana alirudishiwa zaidi. Aliyeweka hisa tu bila kununua alipata riba ndogo ya hisa yake na si zaidi. Kura ilikuwa moja kwa kila mtu, awe na pauni moja au kumi.

Tuhesabu kwa fedha yetu. Chukua kaya inayotumia shilingi 80,000 kwa mwezi kwa sukari, sembe, mafuta, chumvi, sabuni na majani ya chai. Kwa mwaka ni shilingi 960,000. Duka likiendeshwa vizuri na kubakiza ziada ya asilimia tatu tu baada ya kulipa pango, muuzaji na usafiri, gawio la kaya hiyo ni shilingi 28,800. Kwa kaya thelathini ni shilingi 864,000, na kwa kiasi hicho kikundi kinaweza kwenda mnadani kuzungumzia ng'ombe. Hakuna aliyejinyima ili fedha hiyo ipatikane. Ilikuwa ndani ya sabuni na chumvi ambazo wangezinunua hata hivyo, na kwa miaka yote imekuwa ikibaki kwenye droo ya mtu mwingine.

Gawio la Rochdale lilifanya jambo ambalo waanzilishi wenyewe huenda hawakulipa uzito wote unaostahili. Duka la Rochdale lilikubali wanawake kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe, katika nchi ambayo hadi 1870 mke hakuwa na haki kisheria hata juu ya mshahara alioufanyia kazi. Mnunuzi wa chakula alikuwa mama wa nyumba, kwa hiyo fedha iliyorudi ilirudi kwa kadiri ya safari zake yeye. Mwaka 1883 wanawake wa Uingereza waliunda chama chao ndani ya harakati ya ushirika, na baadaye wakapigania uzazi salama na haki ya kupiga kura. Vikoba vyetu navyo vimebebwa na wanawake. Ndio wanaojua mchele upi unafaa kwa pilau na upi unagandamana, nani anauza iliki iliyokaa hadi ikapoteza harufu, mdalasini upi ni wa kweli. Maarifa haya ya ununuzi ni mtaji, na kwa sasa yanatumika kikapu kimoja kimoja.

Wapo watakaosema kwamba kuweka akiba ya sikukuu hakuhitaji ushirika, kwa kuwa kampuni zinaweza kuifanya kazi hiyo kitaalamu. Uingereza ilijaribu. Kampuni ya Farepak ilikusanya fedha za familia za kipato cha chini mwezi kwa mwezi, ili Desemba wapelekewe vikapu vya vyakula na vocha za manunuzi. Oktoba 2006 ikafilisika. Watu zaidi ya laki moja, wengi wao akina mama waliokuwa wamekwisha kulipa, walibaki bila vikapu na bila fedha, na fidia iliyokuja miaka baadaye ilifikia kama nusu ya walichoweka. Fedha zao zilikuwa zimeingia kwenye hesabu za kundi la kampuni lililokuwa na madeni ya benki. Wenye akiba hawakuwa na kiti kwenye bodi, hawakuwa na kura, na hawakuwa na haki ya kuuliza katikati ya mwaka fedha ziko wapi. Kwenye kikoba swali hilo huulizwa kila wiki, mbele ya sanduku.

Kwa nini basi maduka ya namna hii si ya kawaida kwetu, wakati Tanzania ina historia ndefu ya ushirika kuliko nchi nyingi za Afrika? Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujipanga 1925, na chama chao kikuu, KNCU, kikasajiliwa 1933. Lakini ushirika wetu ulizaliwa upande wa kuuza mazao, na upande wa kununua chakula ulikuja kwa amri. Baada ya uhuru, mwaka 1962, iliundwa COSATA, chombo cha kuwapatia bidhaa maduka ya ushirika. Hakikumaliza muongo huo kikiwa hai. Kisha ikaja Operesheni Maduka ya Februari 1976. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa, na sehemu nyingi yale ya zamani yalifungwa kabla mapya hayajawa na bidhaa. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, navyo havikurudi kisheria hadi 1982.

Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka foleni, na wanakumbuka kuomba kibali cha sukari kwa ajili ya msiba au harusi. Ukiwaambia leo "duka la ushirika" wanaona rafu yenye majembe na viberiti. Naiheshimu kumbukumbu hiyo. Imetokana na mateso ya kweli. Vita, ukame na bei ya mafuta vilichangia uhaba ule, lakini mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro ambayo isingepona hata katika miaka ya neema. Mnunuzi aliitwa mwenye duka ilhali hakuchagua bidhaa, hakuajiri muuzaji, hakusoma hesabu, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Ziada, kama ilikuwapo, haikurudi kwake kwa kadiri alivyonunua. Aliyeweka fedha zake kwenye kikoba kwa hiari yake yuko mbali sana na mwanakijiji yule, na ndiyo maana naamini wakati huu inaweza kuwa tofauti.

Hiari peke yake nayo haitoshi, na hapa mfano wa Marekani unanisumbua kila nikiufikiria. Kaskazini mashariki mwa Greensboro, North Carolina, mitaa inayokaliwa zaidi na Wamarekani weusi ilipoteza duka lake kubwa la vyakula, Winn-Dixie, mwaka 1998. Kampuni nyingine hazikutaka kuja. Wakazi wakajipanga kwa miaka, wakauza hisa nyumba kwa nyumba, wakapata zaidi ya wanachama elfu moja, na mwishoni mwa 2016 wakafungua duka lao, Renaissance Community Co-op. Lilikuwa duka zuri, na ajira zake zilikuwa za watu wa hapohapo. Mwanzoni mwa 2019 lilifungwa. Mauzo hayakufikia yaliyohitajika kulipa madeni na gharama.

Miaka karibu ishirini bila duka ilikuwa imewafundisha wakazi njia nyingine: gari la jirani hadi duka kubwa la mbali, manunuzi ya mwezi mzima kwa mkupuo. Duka lilipokuja lilipendwa, watu walijivunia hisa zao, lakini kikapu kikubwa kiliendelea kwenda kulekule. Duka la vyakula huishi kwa faida nyembamba mno, na faida hiyo hutoka kwenye mkate na sabuni za wiki za kawaida. Mwanachama anayekuja Novemba kuchukua bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani na kuonekana tena mwaka unaofuata amelipa hisa, lakini hajalipa umeme wa Machi.

Ndiyo sababu siamini mpango wa kuanza na duka lenye friji, mashine ya risiti na kibao kikubwa. Nianze na kile ambacho tayari kipo. Katika vyama vingi vya akina mama nchini Kenya, Desemba hazigawanywi fedha tupu. Wanachama hugawana mafuta, sukari na unga wa chapati walionunua kwa jumla. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu huchanga mwaka mzima, wakanunua ng'ombe, wakamchinja alfajiri ya mkesha na kugawana kwa mafungu. Hiyo ni oda ya mapema, na oda ya mapema ndiyo silaha kubwa ya duka la wanachama. Japani, Seikatsu Club ilianza 1965 kwa wanawake 200 wa Tokyo walioagiza pamoja chupa 300 za maziwa. Walijua idadi kabla ya kununua, kwa hiyo hakuna chupa iliyochacha stoo. Maduka ya kijamii ya vijiji vya Uingereza, ambayo leo ni mamia, hufanya vivyo hivyo na bata mzinga wa Krismasi: unaandikisha jina, unaweka kianzio, mfugaji anajulishwa.

Kwetu bidhaa ya kuanzia ni mchele, na hesabu yake inaanza mbali na Desemba. Mpunga wa maeneo mengi ya Mbeya na Morogoro huvunwa kati ya Mei na Julai, na wakati huo mkulima anauza kwa sababu anahitaji fedha. Kikundi kikinunua wakati huo kinampa bei ya haki na bado kinabakiwa na nafuu. Kinunue mpunga, kisinunue mchele. Mpunga una ganda lake, unavumilia miezi kwenye stoo kavu juu ya chaga, na wadudu hawaushambulii kwa kasi ileile. Kilo mia za mpunga hutoa takriban kilo sitini hadi sitini na tano za mchele, kutegemea mbegu na mashine. Ukikobolewa katikati ya Desemba unaingia jikoni ukiwa mpya, na pumba zinauzwa kwa wafuga kuku. Stoo iwe na mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, na mizani hiyo ikae mahali ambapo kila anayeingia anaweza kupima upya alichochukua.

Sukari, mafuta na chumvi zifuate, na kwa hizi nisingengoja sikukuu. Ziuzwe kila wiki, siku ya kikao, kwa wanachama walewale wanaokuja na hisa zao. Kila ununuzi uandikwe kwenye kitabu cha mwanachama, kando ya hisa, ili gawio la mwisho wa mwaka liwe na msingi ambao mtu asiyependwa na viongozi anaweza kuuthibitisha mwenyewe. Anayeshika fedha asiwe anayeshika ufunguo wa stoo. Hesabu ya mali ifanywe na wanachama wawili wanaobadilishwa kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja wa namna hiyo, kikundi kitajua kwa tarakimu zake kama kinaweza kubeba pango na mshahara wa muuzaji. Kama hakiwezi, kimepoteza kidogo sana na mchele wake umeliwa.

Suala la sheria lisiwatishe watu wala lisipuuzwe. Kikoba kinatambuliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ambayo ni sheria ya fedha. Kikundi kinachotaka kufungua duka la kudumu na kugawa ziada kwa kadiri ya manunuzi kinapaswa kumwona Mrajis na kujisajili chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, ili mali iwe ya chama kisheria na hesabu zikaguliwe. Ofisa Ushirika wa halmashauri yupo kwa kazi hiyo, na huduma yake ni haki ya wananchi.

Kwa hiyo kabla sanduku halijafunguliwa Desemba hii, naomba katibu aongeze ajenda moja: kila mwanachama abakize hisa chache bila kuzichukua, na kikao kiamue idadi ya magunia, jina la atakayekwenda kuwaona wakulima, na chumba kitakachotumika kuwa stoo. Uamuzi huo ukisubiri hadi kikao cha Februari, fedha zitakuwa zimekwisha tumika, na mavuno yanaanza Mei.